Majina ndani ya koti

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima na baridi ya huko haijakushinda. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu, na uvimbe wa mguu umepungua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kama nilijuta kukuruhusu uende na kikosi cha ngoma na tarumbeta cha Marekani, kile cha vijana wanaoshindana uwanjani, viangazi vile vitatu, 2012 mpaka 2014. La pili, kwamba sasa wamekuomba uingie katika bodi yao na hujui ukubali ama ukatae, kwa kuwa, kwa maneno yako, "si kitu kile tena, Mama, limekuwa tamasha la watoto wa wenye pesa." Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikata kauli na mimi hupandisha sauti. Nimeona niandike.

Unalikumbuka koti lako? Mimi nalikumbuka kuliko ninavyokumbuka nyimbo mlizopiga. Ile wiki ya kwanza nilipokuja kujitolea kushona, walinipa rundo la makoti ya sufu, mazito kama blanketi la hospitali, vifungo vya shaba, kamba za dhahabu begani. Nilipofungua bitana ya la kwako nipunguze mikono, nikakuta majina. Matano, yameandikwa kwa kalamu ya wino usiotoka, kila jina na mwaka wake, la kwanza 2005. Mmoja aliandika kwa herufi za mtoto wa shule, mwingine kwa mwandiko wa kujivuna. Chini kulibaki nafasi ya vidole viwili. Nikakuita kutoka mazoezini, ukaja unatiririka jasho, ukaandika jina la bibi yangu, ndilo jina lako, chini ya majina ya watoto wa Kizungu na mmoja wa Kimeksiko. Nikashona bitana juu yake kwa mkono, sikutumia cherehani.

Aliyenifundisha kazi ile ni yule mama mzee wa kwenye trela la kushonea, aliyepiga buruji katika kikosi cha wasichana pekee kabla mimi sijaanza shule. Kwa mdomo wake ndipo nilipojua mambo haya yalikotoka. Zamani zake, alisema, kila mtaa ulikuwa na kikosi chake. Parokia moja ina chake, na tawi la wanajeshi wastaafu, American Legion ama VFW, lina chake, na watoto wanatoka majumbani wanakwenda mazoezini kwa miguu. Vilikuwa mamia nchi nzima. Waamuzi walitembea katikati ya safu na ubao mkononi, wakisikia noti iliyoteleza ama wakiona goti lililochelewa wanakata sehemu ya kumi ya alama. Makosa ndiyo yaliyohesabiwa. Mtindo huo ulifutwa 1984.

Halafu vikosi vikubwa vikachoka kuendeshwa na vyama vya wastaafu. Vilitaka viweke kanuni zao na vigawane mapato yao, vikaunda chama chao, Drum Corps International, na Agosti 1972 vikakutana Whitewater, Wisconsin, kwa fainali ya kwanza. Walioshinda walikuwa Anaheim Kingsmen kutoka California. Yule mama alikuwepo na aliisimulia kwa fahari, kisha akanyamaza akitia uzi kwenye sindano. Akaniambia, tangu hapo mshindi alipaswa kuzunguka nchi nzima, na kuzunguka ni mabasi, mafuta, malori, chakula. Kikosi cha parokia hakiwezi. Vikafa kimoja kimoja. Leo vya daraja la juu vimebaki kama ishirini hivi.

Nakueleza haya kwa sababu wewe unadhani mambo yalibadilika baada yako. Wallahi yalikuwa yakibadilika siku zote, na kila mara wakubwa walilia. Walilia buruji zilipotiwa vali tatu, vile vibonyezo vya vidole, mwaka 1990. Wakalia 2000 iliporuhusiwa tarumbeta za ufunguo wowote wa muziki, wakaja maikrofoni 2004, vinanda vya umeme 2009. Kiangazi chako cha mwisho zikaingia tromboni, na kikosi cha Bluecoats wakapiga ile sauti inayoinama kama jengo zima linalala ubavu. Unakumbuka uliniandikia nini usiku ule? "Mama, nina wivu mpaka tumbo linauma." Kikosi cha Blue Devils ndio walioshinda, alama 99.65 kati ya 100, lakini wewe ulichozungumza wiki nzima ni ile sauti. Basi usiniambie leo kwamba vipaza sauti ndivyo vilivyokuharibia. Watoto wanapiga vizuri zaidi kuliko mlivyopiga ninyi. Nilikwenda kuwatazama kiangazi kilichopita na nilisimama kwa machozi.

Kilichonichoma kilikuwa kingine. Baada ya onyesho nilikwenda kwenye lile trela kuwasalimu washonaji. Makoti hayapo. Wanavaa nguo za kunyumbuka, zimechapwa picha, mkono mmoja mwekundu na mwingine mweupe, zinabana mwili kama ngozi. Mimi mama wa Mombasa, unanijua, lile koti la sufu lilikusitiri kuanzia shingoni na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini najua pia joto la Texas mchana wa mwezi wa saba, na najua watoto waliozirai ndani ya sufu, kwa hiyo sitasema nguo mpya ni mbaya. Niliuliza tu, majina mnaandika wapi? Yule kijana fundi akanitazama. Akasema nguo hii ni ya onyesho la mwaka huu, Agosti ikiisha inauzwa ama inawekwa, mwakani hadithi nyingine na nguo nyingine. Hakuna wa kumrithi mwenzake.

Na nguo ile analipia nani? Hapo ndipo ulipogusa ukweli. Ada yako ya kwanza ilikuwa dola 2,700. Nililipa kwa zamu za usiku kule kwenye nyumba ya wazee, na walinipunguzia kidogo kwa ushonaji. Sasa unaniambia imepita 5,000, kabla ya nauli za ndege za kwenda kwenye kambi za majira ya baridi. Zamani mwisho ulikuwa watoto 128 katika kikosi, siku hizi wanapita 150, na kila mmoja anatoka jimbo lake. Mtoto anayeishi nyuma ya uwanja wenu wa mazoezi anasikia ngoma dirishani kwao kiangazi kizima na hajui kwamba anaweza kuuliza.

Hili mimi nililiona nyumbani kabla ya kuliona Marekani. Bibi yangu, mwenye jina lako, alikuwa Banu Saada. Mombasa ya ujana wake wanawake wa lelemama, ile ngoma ya vyama vya wanawake, walikuwa makundi mawili makubwa, Banu Saada na Ibinaal Watan, kama wanaume walivyokuwa na beni zao za Kingi na Scotchi, wakipita barabarani na ngoma na tarumbeta na sare za kijeshi walizozitazama kwa wazungu. Mashindano yalikuwa matamu. Wakijua wenzao wameshona hariri, wao wanatafuta iliyo bora zaidi, wenzao wakifanya karamu wao wanafanya kubwa zaidi, na nyimbo za kuchambana zinapasua mtaa. Bibi aliuza bangili mbili za dhahabu, mahari yake, kwa sare ya sherehe moja. Alinionyesha mkono mtupu akicheka, lakini akasema pia kwamba mashoga zake wawili walijitoa kwa aibu ya kukosa kitambaa, na hawakurudi tena hata kutazama. Wawili hao ndio waliokuwa na sauti.

Swali lako la kwanza sasa. Kama nilijuta.

Nilijuta mara moja, Julai 2012, uliponipigia simu kutoka chooni ili wenzako wasisikie unalia. Muundi ulikuuma siku tisa, na mkufunzi mmoja alikuambia maumivu ni sehemu ya kazi. Nilipofika na kukupeleka hospitali picha ilionyesha ufa kwenye mfupa. Ulimaliza msimu umesimama pembeni na fimbo. Nilimkasirikia yule mtu, lakini nilijikasirikia mwenyewe zaidi, maana siku ya nne ulikwisha niambia na mimi nilikujibu uvumilie, kama nilivyojibiwa mimi utotoni. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba sasa.

Ndiyo maana 2018, magazeti yalipoandika juu ya viongozi waliowadhulumu vijana katika vikosi, sikuweza kulala. Drum Corps International ikakaza kanuni za usalama, na ilikuwa haki ikaze, tena ilichelewa. Na 2024 Cadets wakafunga. Kikosi kilichoanzishwa 1934 katika parokia ya Garfield, New Jersey, bingwa mara 10 wa mashindano haya, kimemalizwa na kesi juu ya madai ya zamani na gharama zake. Uliniandikia siku ile neno moja tu, "Miaka tisini." Nilijua unamaanisha nini. Mtu anaweza kulilia jengo na bado akasema lilikuwa na chumba ambacho watoto hawakupaswa kuingia.

Lakini kuna asubuhi moja huwa naipima na yote hayo. Unaikumbuka Idi ya 2013? Ramadhani iliangukia katikati ya ziara miaka yote mitatu, ukawa msafiri, unakula mchana kwa ruhusa ya Mungu na unalipa funga zako Desemba siku zikiwa fupi. Mwaka ule Idi ikawa Alhamisi, tarehe 8 Agosti, siku ya kwanza ya mashindano ya mwisho pale Indianapolis. Niliomba jiko la trela usiku wa manane. Nilikanda unga kwa tui la kopo, hamira na iliki, nikachoma mahamri mpaka mikono ikawa miekundu, mama wa mpiga tuba mmoja ananisukumia madonge na haelewi anachosukuma. Mbaazi za nazi sufuria mbili. Alfajiri tukaswali rakaa zetu juu ya turubai nyuma ya trela, mimi na wewe.

Kisha wakaamka, wale watoto 150 waliokuwa wamelala chini kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wakapanga foleni na sahani zao. Wapiga ngoma walikuwa wamefunga vidole plasta nyeupe, hawawezi kushika hamri la moto, wakawa wanalirusha mkono huu na mkono ule wakipuliza. Kijana mmoja mrefu akauliza leo kuna nini. Ukamwambia. Sijui nani alimwambia nani, ila kabla chai haijaisha walikuwa wamesimama duara, mikono mabegani mwa wenzao, wanakuimbia wimbo wa kikosi, ule mnaouimba kabla ya kuingia uwanjani, sauti nne zinapishana kwenye eneo la kuegesha magari saa moja asubuhi. Wewe ulikuwa katikati na mtandio wako wa Idi juu ya fulana ya mazoezi. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Sikujuta siku ile na sitajuta.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu bodi, ingia. Ukikataa, kiti hicho atakalia mtu ambaye mama yake hakuhesabu zamu. Ukiingia usipoteze pumzi kubishana juu ya vinanda vya umeme wala nguo, hayo waachie wasanii, wanayajua. Wewe uliza kuhusu mlango. Uliza mwaka huu ni watoto wangapi wametoka katika mji ule ule wa kikosi. Uliza zile tarumbeta za zamani zinafanya nini ghalani kuanzia Septemba mpaka Mei, wakati shule iliyo mtaa wa pili haina mwalimu wa muziki. Uliza mtoto akiumia anamwambia nani, na huyo mtu analipwa na nani. Wakikuambia hakuna fedha, uliza onyesho la mwakani lina bajeti ya nguo kiasi gani, kisha nyamaza wakujibu. Una tabia ya kujaza kimya, mwanangu, uache siku hiyo.

Watakuona mkorofi. Yule mama mzee wa trela walimwona mkorofi pia, na ndiye waliyemfuata kila kifungo kilipokatika.

Walipouza makoti ya zamani nilinunua la kwako, sikukuambia. Dola arobaini. Limekaa humu katika sanduku la bibi pamoja na karafuu, na Jumatatu nalituma kwa posta. Usilifue, wino hautoki lakini sufu itanywea. Fumua bitana ya upande wa kushoto taratibu, ule ushono wa mkono, utaona wenzako watano na wewe.

Mwezi wa sita nina likizo ya wiki mbili. Waambie nina cherehani yangu.

Akupendaye,
Mama