Kifaduro na hesabu zake: maswali yenu

Modeli inajuaje nani ataugua kifaduro? (Mwanafunzi, Morogoro)

Haijui, wala haijaribu. Modeli ni mfano wa hesabu unaokadiria ugonjwa utakavyoenea. Inagawa watu katika makundi: wasio na kinga, wanaoambukiza, wenye kinga. Kisha inahesabu wangapi wanahama kundi moja kwenda jingine kila wiki. Vitabu vingi husema mgonjwa mmoja wa kifaduro, akiwa kati ya watu wasio na kinga kabisa, huambukiza 12 hadi 17. Tukichukua 15, basi ili ugonjwa ukome, yaani kila mgonjwa aambukize chini ya mtu mmoja, watu wenye kinga wawe zaidi ya 14 kati ya 15, yaani kama 93%. Hesabu hiyo ingetosha kama kinga ingedumu. Ya kifaduro hupungua kadiri miaka inavyokwenda, iwe umeipata kwa chanjo au kwa kuugua, na mtu hurudi taratibu kwenye kundi la kwanza. Hapo ndipo kompyuta inapohitajika.

Si rahisi tu kuwachanja baba, bibi na dada wa kazi, mtoto asipate wa kumwambukiza? (Mama wa mtoto mchanga, Tanga)

Hata mimi wazo hili lilinivutia, mpaka nilipoona hesabu za Kanada. Mwaka 2012 watafiti walikadiria kwamba huko Quebec na British Columbia wangehitaji kuchanja wazazi wasiopungua milioni 1 ili kuzuia kifo cha mtoto mchanga mmoja, na zaidi ya 10,000 ili kuzuia mtoto mmoja kulazwa. Sababu ni mbili: kifaduro kilikuwa kimeshuka sana kule, na mzazi si mlango pekee wa maambukizi.

Mwaka huohuo Uingereza ilikuwa na mlipuko uliochukua maisha ya watoto wachanga 14. Wenyewe wakaanza kumchanja mjamzito, Oktoba 2012, ili kingamwili zake zipite kwenye kondo la nyuma na mtoto azaliwe nazo. Sindano moja, na inamfikia mlengwa mwenyewe. Takwimu za baadaye zilionyesha kinga ya karibu 90% kwa watoto wa miezi ya kwanza. Lakini wajawazito waliochanjwa walishuka kutoka zaidi ya 70% hadi karibu 59%, na mlipuko wa 2024 ukaua watoto wachanga 11.

Kwa hiyo ukisoma modeli yoyote ya kifaduro, uliza kwanza inahesabu nini. Mkakati unaopunguza vikohozi vya vijana wa sekondari unaweza kupendeza sana kwenye grafu huku vifo vya wachanga vikibaki palepale. Mtoto wa mwezi mmoja huenda hata asikohoe kile kikohozi cha kuvuta pumzi kwa mlio. Anasita kupumua, midomo inabadilika rangi.

Modeli mbili zikipingana, nimwamini nani? (Muuguzi, Mombasa)

Tazama walichokidhania. Mmoja kaweka kinga ya miaka 5, mwingine 30. Majibu hayawezi kufanana. Jingine: je, aliyechanjwa anaweza kuambukiza wengine? Majaribio ya nyani Marekani yalionyesha kwamba waliopata chanjo ya aina mpya, isiyo na kimelea kizima, hawakuugua lakini walibeba bakteria na kuwapa wenzao. Hapa kwetu Penta, chanjo ya watoto ya magonjwa matano kikiwemo kifaduro, bado ina kimelea kizima kilichouawa, kwa hiyo modeli ya Massachusetts, Marekani, inakotumika ile ya aina mpya, isihamishiwe Mombasa kama ilivyo.

Sindano niliyochomwa kliniki nikiwa mjamzito inamkinga mwanangu? (Mama, Dodoma)

Kwa kifaduro, hapana. Ile ni ya pepopunda na dondakoo. Kinga ya mwanao dhidi ya kifaduro inaanza na Penta ya kwanza, wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Mpeleke wiki hiyohiyo ya 6. Mafua madogo hayazuii chanjo. Na mwenye kikohozi asimbebe.