Nyumba yangu imelala kwenye ramani, nitaisimamishaje?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Nina nyumba ya wageni Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Ni nyumba ya zamani ya mawe, ghorofa tatu, na juu kuna dari ya kupumzikia. Wageni wananionesha kwenye simu zao jinsi majengo ya London na New York yalivyosimama mpaka madirisha yanahesabika, ila kwangu ni kipande cha kijivu tu, tena kimeunganishwa na nyumba ya jirani. Mwaka juzi nilimlipa kijana anichoree nyumba kwa SketchUp, programu ya kuchorea majengo kwenye kompyuta. Kazi nzuri, hata misumari ya mlango imo. Akaniahidi ataipandisha kwenye ramani ya Google. Mpaka leo sijaiona, na simu yangu hapokei. Faili ninalo, MB 40. Nilipeleke wapi? Na kwa nini kwa wenzetu yamesimama, sisi tumelala?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Nianze na huyo kijana, maana naona ndiye anayekuuma zaidi. Alichokuahidi hakiwezekani, si kwake wala kwa mtu mwingine. Zamani kiliwezekana. Google waliinunua SketchUp mwaka 2006, wakafungua ghala la modeli, na mtu yeyote aliweza kuchora jengo la mtaani kwao, likakaguliwa, na likikubaliwa likasimama ndani ya Google Earth, dunia nzima ikaliona. Wengi tuliokuwa tunajifunza kazi hii miaka ile tulikesha tukichora majengo ya Posta pale Dar kwa mapenzi tu, bila malipo. Mwaka 2012 SketchUp ikauzwa kwa kampuni ya Trimble, na mwaka huohuo Google wakatangaza kwamba miji itaanza kutengenezwa na mashine kutokana na picha za ndege. 2013 wakaacha kupokea majengo ya watu. Video za kufundisha za wakati ule bado zimejaa mtandaoni, kwa hiyo huenda na yeye alipotoshwa. Hela uliyomlipa ni mazungumzo mengine.

Kwa nini wasikupokelee hata jengo moja? Ukiitazama London kwenye Google Earth unadhani unaona majengo. Hakuna jengo pale. Ndege ndogo imepita juu ya mji kwa mistari iliyopangwa, ina kamera inayotazama chini na nyingine zinazotazama kwa mshazari pande nne. Kona moja ya dirisha inaonekana kwenye picha nyingi, kila moja kutoka mahali pake. Kompyuta inazilinganisha picha hizo, inakokotoa kona ile iko wapi angani, kisha inarudia hesabu hiyo kwa mamilioni ya nukta. Nukta zikiunganishwa unapata wavu wa pembetatu, na juu ya wavu zinabandikwa picha zilezile. Ni ngozi moja iliyofunika mji mzima: barabara, gari lililoegeshwa, mti, ukuta, vyote vimeshonwa pamoja. Sogeza picha karibu kabisa na mti uone unavyofanana na mshumaa ulioyeyuka. Kwenye ngozi ya namna hiyo huwezi kung'oa nyumba moja ukapachika nyingine iliyochorwa kwa mkono.

Kwa hiyo swali lako la pili nalo limejibika nusu. Kwa wenzetu yamesimama kwa sababu ndege ilikwenda na mtu alilipia mafuta, kamera na kompyuta za kukokotoa. Kazi hiyo inafuata soko. Na ngozi hiyo inazeeka. Sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Modeli yoyote iliyotokana na picha za kabla ya siku hiyo itaendelea kuusimamisha mnara mpaka mtu arudi na kamera.

Sasa hicho kipande cha kijivu. Hicho ni kitu cha aina nyingine kabisa, na hapo ndipo penye nafasi yako. Programu nyingi za ramani hazina picha za ndege za mji wako. Zina mchoro wa umbo la nyumba jinsi inavyokaa chini, na namba ya urefu. Programu inalichukua umbo, inalivuta kwenda juu kwa urefu huo, boksi linasimama. Urefu ukikosekana, boksi linalala. Kwa maneno mengine ramani haihitaji sanamu ya nyumba yako, inahitaji vipimo vyake. Kijana wako alikutengenezea sanamu.

Kuhusu kuunganishwa na jirani: maumbo mengi ya Afrika hayakuchorwa na binadamu. Microsoft mwaka 2019 walitoa maumbo zaidi ya milioni 17 ya Tanzania na Uganda yaliyotambuliwa na mashine kwenye picha za setilaiti. Google wakafuata 2021 na data yao ya Open Buildings, ambayo ilianza na bara la Afrika, na mwaka 2024 wakaongeza makadirio ya urefu wa majengo, yanayokokotolewa kutoka picha za setilaiti za Sentinel-2. Ni kazi kubwa, mimi mwenyewe naitumia karibu kila wiki. Ila picha za Sentinel-2 zina pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya mita 10, na hata baada ya mashine kuzinoa, data ile ya urefu inaona vitu kwa kiwango cha mita 4 hivi. Wewe unajua vichochoro vya Kiponda: watu wawili wakikutana na mkokoteni, mmoja anaingia barazani. Kwa mashine kichochoro hicho hakipo, na nyumba sita zilizogusana kuta zinakuwa nyumba moja kubwa yenye umbo la ajabu. Pale Mbezi au Kigamboni, nyumba na nyumba zina uwanja katikati, mashine inafanya vizuri sana. Mji Mkongwe unaishinda.

Bahati yenu Wazanzibari mna kitu ambacho mikoa mingi ya bara haina. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakisaidiwa na Benki ya Dunia, waliirushia Unguja na Pemba droni za eBee na kupiga picha ambazo pikseli yake ni sentimita chache. Kwenye picha hizo unaona tangi la maji la jirani na kamba za nguo. Kwa picha za aina hiyo mtu mwenye subira anaweza kuitenga nyumba yako na ya jirani.

Mahali pa kufanyia kazi ni OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo kila mtu anaweza kuihariri. Sisemi hivyo kwa ushabiki. Programu ya Organic Maps, ambayo watalii wengi wanaipenda kwa sababu haihitaji bando wakiwa vichochoroni, inaitumia data hiyo na inasimamisha majengo. F4map nayo inasimamisha, na inaonesha hata umbo la paa. Halafu Overture, umoja ulioanzishwa Desemba 2022 na Amazon, Meta, Microsoft na TomTom, unachanganya majengo ya OpenStreetMap na yale ya Microsoft na Google, na kuyatoa kwa wote. Kwa hiyo ukijaza mara moja, namba yako inasafiri. Kwenye ramani ya Google yenyewe siwezi kukuahidi kitu.

Anza kwa kupima. Wanafunzi wangu wanapenda njia ya kivuli: simamisha fimbo ya mita moja, pima kivuli chake na kivuli cha jengo, piga hesabu. Nzuri uwanjani. Kiponda kivuli cha nyumba yako hakifiki chini, kinapanda ukuta wa jirani. Na Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa na utosi, unabaki unakitafuta kivuli miguuni kwako. Achana nayo. Panda darini na timazi ya fundi mwashi, ning'iniza uzi kwenye ukingo mpaka chuma kiguse ardhi ya kichochoro, funga fundo pale ukingoni, vuta juu, upime uzi kwa futi kamba. Dakika tano. Mtu mmoja abaki chini akuambie chuma kimegusa, na azuie watoto.

Usiridhike na kuandika idadi ya ghorofa peke yake, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Kiswahili chetu. Ukisema "ghorofa tatu", mimi sijui kama ya chini umeihesabu. Wapo wanaoihesabu, wapo wanaoanza kuhesabu baada ya kupanda ngazi. OpenStreetMap inaihesabu ya chini kama ya kwanza, na dari iliyo wazi haihesabiki. Kama kwako unapanda ngazi mara tatu kabla ya kufika ghorofa ya juu ya vyumba, basi unaandika 4. Nimeona mitaa mizima ya Dar ambayo wachoraji wawili walipishana kwenye jambo hili, upande mmoja wa barabara ukawa mfupi kwa ghorofa moja kuliko upande wa pili.

Sababu ya pili ni boriti. Programu ikikosa urefu halisi inachukua idadi ya ghorofa na kuzidisha kwa mita 3 hivi. Hiyo ni nyumba ya zege ya kisasa. Nyumba zenu za mawe zilijengwa kwa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, haviwezi kupita urefu wa boriti. Kwenda juu hapakuwa na kizuizi hicho, na kwenye joto lile waliokuwa na uwezo walipandisha dari za vyumba. Nyumba moja niliyoipima Mkunazini, ghorofa nne pamoja na ya chini, uzi ulitoka mita 17.3. Programu ingeipa 12. Unapoteza mita tano, yaani karibu nyumba nzima ya chini.

Ukishapata namba, fungua akaunti, ingia kwenye kihariri cha kwenye kivinjari, na ulikate lile umbo lililoungana. Fuata msingi, usifuate paa: kwenye picha nyumba ndefu inaegemea upande mmoja, kwa hiyo chora paa kwanza kisha lisogeze umbo zima mpaka likae pale ukuta unapogusa ardhi. Ukuta unaoshirikiana na jirani uwe mstari mmoja wenye nukta zilezile, usiache upenyo. Na kuna kitufe cha kunyoosha kona, herufi Q. Kila anayejifunza anakibonyeza kwa mazoea. Usikiguse. Nyumba za Mji Mkongwe hazina kona za nyuzi 90, ukibonyeza unamnyang'anya jirani nusu mita ya sebule.

Kisha jaza: building:levels=4, yaani idadi ya ghorofa, height=17.3, yaani urefu, au namba yako utakayopata, namba peke yake kwa mita, na roof:shape=flat kwa dari bapa. Kama juu ya dari kuna kibanda, kichore kama umbo dogo ndani ya kubwa, kipe building:part=yes (kipande cha jengo), urefu wake kutoka ardhini kwenye height, na kwenye min_height urefu wa dari ambapo kinaanzia; mwili wa nyumba nao upe umbo lake la building:part=yes lenye urefu wake, maana programu ikiona vipande huacha kulisimamisha lile umbo kubwa. Kibaraza cha mbao kinachoning'inia kichochoroni kinafanywa vivyo hivyo. Mwiko ni mmoja: usichukue mstari wala namba yoyote kutoka ramani ya Google ukaiweka huku, leseni hairuhusu, na wenyeji wa OpenStreetMap wataifuta. Baada ya hapo subiri. Programu za simu zinavuta data mpya kwa nyakati zake, si leo kwa leo.

Tukirudi kwenye faili lako la MB 40, usilitupe. Lina matumizi mawili. Google Earth Pro ya kwenye kompyuta bado inakubali uweke modeli yako mahali pake, uihifadhi kama KMZ, faili la Google Earth, na umtumie mtu. Ataiona yeye aliyeifungua, si dunia. Mwambie anayekusaidia aangalie kipimo kabla ya kuitoa SketchUp: kama mchoro ulianza kwa inchi na mtu akausoma kwa mita, nyumba yako itafunika mpaka Forodhani. La pili ni tovuti yako mwenyewe. Modeli ikigeuzwa kuwa GLB, aina ya faili la modeli linalofunguka kwenye tovuti, inaweza kukaa juu ya ramani ya Cesium au MapLibre, ambazo ni zana za kuweka ramani kwenye tovuti, mgeni akaizungusha kwa kidole. Ila MB 40 kwa mtu aliyetua uwanja wa ndege na laini mpya ni nyingi mno. Misumari ya mlango ndiyo inayokula. Kila msumari wa shaba umechorwa kama kitu kamili chenye mamia ya pembetatu, na milango yenu inayo ya kutosha. Ifutwe yote, ipigwe picha nzuri ya mlango kwa mbele, ibandikwe kwenye ubao bapa. Kutoka upande wa pili wa kichochoro hakuna atakayejua, na faili litapungua sana.

Jambo la mwisho hukuliuliza. Unasema wageni wanakuja na simu mkononi. Mji Mkongwe mtu hapotei kwa kukosa kuona paa lako limesimama, maana kutoka kichochoroni paa halionekani. Anapotea kwa sababu alama yako imewekwa katikati ya nyumba, na simu inampeleka kwenye kichochoro cha nyuma kusikokuwa na mlango. Ukiwa tayari ndani ya kihariri, weka nukta kwenye ukuta pale mlango ulipo, andika entrance=main, na uhakikishe kichochoro kinachofika mlangoni kimechorwa na kimeungana na kile kikubwa. Fanya hilo kabla hujapanda na timazi.