Jibu: Starlet iliyokatwa springi inadunda na kukwaruza fenda

Habari ndugu. Umesema ulikata springi za gari lako, Toyota Starlet EP82 (EP82 ni namba ya toleo), ikae chini, sasa inadunda kwenye matuta na tairi za mbele zinakwaruza fenda. Pia umeuliza kuhusu kuweka turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini.

Anza na shokapu, kile kifaa kinachotuliza mdundo wa springi. Pitisha kidole kwenye fimbo yake. Kikitoka kimelowa oili, inavuja. Yangu nilikata koili (mzunguko wa springi) moja na nusu, shokapu zikavuja ndani ya miezi miwili. Kisha inua gari kwa jeki utikise springi kwa mkono. Ikicheza kwenye kikombe chake, pale inapokalia, tafadhali usikimbize gari hilo. Rudisha springi nzima, au nunua fupi zilizotengenezwa kwa EP82 pamoja na shokapu zake, halafu upige alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi. Turbo isubiri, ndugu yangu, breki kwanza.