Linux kwenye kikokotoo: maswali yenu ya Lamu na Malindi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vikokotoo vya grafu, hasa TI-Nspire za mtumba ambazo vijana wetu wanazitia Linux, mfumo endeshi wa bure, kwa msaada wa Ndless, programu inayokifungua kikokotoo kipokee programu za nje. Nafurahi mno kuona mambo haya yanafanyika huku kwetu pwani. Nimezijibu zile zitakazowafaa wengi.

*Maalim, asalaam aleikum. Nimetia Linux kwenye TI-Nspire CX yangu ikawaka vizuri, hata nikaona yule pengwini, nembo ya Linux. Usiku chaji ikaisha. Asubuhi nimekuta kikokotoo cha kawaida, na Ndless pia haipo. Ndiyo nimepoteza kila kitu? (Msomaji, Langoni)*

Waaleikum salaam, mwanangu. Hujapoteza. Kwenye mashine hii Linux haikai kama inavyokaa kwenye laptopu. Kipakiaji, yaani programu ya kuiwasha Linux, kinaichukua kerneli, kiini cha Linux, kutoka kwenye faili zako, kinaiweka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, ya megabaiti 64, kisha kinaikabidhi usukani. Ni mgeni aliyekaribishwa barazani. Ndani ya nyumba hakuingia. Mfumo wa Texas Instruments uko palepale kwenye hifadhi ya ndani, haujaguswa. Umeme ukikatika RAM inasafishika, na Ndless nayo inaondoka kwa sababu hiyo hiyo. Fungua tena faili ya kusakinishia Ndless, halafu kipakiaji, na utamwona pengwini wako.

Kwa hiyo jaribu bila woga. Ukikwama kabisa, kuna kitufe kidogo cha riseti mgongoni mwa mashine. Ila ulichoandika ndani ya Linux yenyewe bila kukihifadhi kwenye flashi diski, hicho kimekwenda.

*Herufi zinashuka kwenye skrini, ghafla zinasimama. Mstari wa mwisho unasema Kernel panic, kuna VFS, na mwisho kabisa unknown-block(0,0). Mfumo wangu wa faili uko kwenye flashi diski. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. (Maweni, Malindi)*

Ahsante sana kwa kuunakili mstari wa mwisho. Wengi huniandikia "imekufa" tu, nami sina pa kuanzia. Mstari ule umesema karibu kila kitu: Kernel panic ni kerneli iliyokwama ikasimama, na VFS ni sehemu yake inayoshughulikia mifumo ya faili.

Kerneli yako ni nzima. Imeamka, imetambua prosesa na skrini, ikaenda kutafuta mfumo wa faili wa mizizi, yaani pale faili zote za Linux zinapoanzia, ikaukosa. Sasa tazama zile namba mbili. Ya kwanza ni aina ya kifaa, ya pili ni kifaa chenyewe au sehemu yake. Sufuri na sufuri maana yake wakati ule kerneli haikukijua kabisa kifaa ulichokitaja. Ingekuwa 8,1, hiyo ni sda1: flashi imeonekana lakini haisomeki, pengine bado ina muundo wa FAT wa dukani na wewe umeagiza ext4, muundo wa Linux. Ingekuwa 1,0, hiyo ni ram0, diski ndani ya RAM, na ningekwambia ukague initrd, faili inayoijaza diski hiyo: je, skripti ya kipakiaji, yaani faili yake ya maagizo, imeitaja kabla ya amri ya kuwasha? Au faili iliharibika wakati wa kunakili?

Kwako nashuku haraka. Flashi ya USB huchukua sekunde kadhaa kutambulika, na kerneli haisubiri isipoambiwa. Kwenye mstari wa maagizo, pale ulipoandika root=/dev/sda1, ongeza neno rootwait baada yake, uache nafasi. Jaribu.

Ikiwa sasa hakuna panic lakini mashine inasimama kimya bila mwisho, basi inaingojea flashi isiyofika. Hapo tuhamie kwenye waya. Tundu la CX ni mini-USB, na waya wa kawaida unakifanya kikokotoo kijione kuwa ndicho kilichochomekwa kwenye kompyuta. Unahitaji waya wa OTG, unaokifanya kikokotoo kiwe upande wa kompyuta; ndani ya kichwa chake cha mini pini ya nne imeunganishwa na ya tano, yaani hasi. Na flashi usiilishe kwa betri ya kikokotoo. Tafuta habu ya USB, kile kigawanyi cha matundu, yenye umeme wake.

Tukiwa hapo hapo: programu ya TI kwenye kompyuta hupeleka faili zenye mwisho wa .tns, kwa hiyo kerneli hubadilishwa jina ikawa zImage.tns. Wengi husahau kubadilisha na ndani ya skripti.

*Mimi nina ile TI-Nspire ya zamani isiyo na rangi. Ndani ya Linux nikibonyeza herufi moja inatoka nyingine, na vitufe vingine havifanyi kitu. Ndugu yangu anasema ni chumvi ya bahari. Ni kweli? (Shela, Lamu)*

Dada yangu, kabla ya kuilaumu bahari, bonyeza riseti urudi kwenye mfumo wa kawaida ujaribu vitufe vile vile. Vikifanya kazi sawasawa huko, chumvi haina hatia.

Mtindo wako una kibao cha vitufe kinachochomoka, na vibao hivyo havifanani: kuna cha Clickpad na cha Touchpad. Linux haiwezi kubahatisha kipi ulichochomeka. Ramani ya vitufe inatoka kwenye faili ya dtb, inayoieleza Linux maunzi ya mashine, na ziko tatu: nspire-clp ya Clickpad, nspire-tp ya Touchpad, na nspire-cx ya ile ya rangi. Ukipakia ya jirani, herufi zitapishana hivyo hivyo ulivyoeleza. Badilisha faili, basi.

Kama vitufe vinasumbua pande zote mbili, hapo ndugu yako ana hoja. Toa betri zote nne, chomoa kibao, utaona safu ya vidole vya shaba. Hewa yetu huvitia ukungu wa kijani. Pamba kidogo na spiriti ya isopropili, sugua taratibu, acha vikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Usitumie msasa.

*Nimenunua CX II, ina kasi zaidi. Kerneli ya rafiki yangu mwenye CX inaleta skrini nyeusi tu. Nipandishe toleo la mfumo? (Watamu)*

Usipandishe! Ndless hupita kwenye mianya ya matoleo fulani tu, na matoleo mapya huiziba mianya hiyo na kukuzuia kurudi nyuma. Kuhusu skrini nyeusi, msaada wa Nspire uliingia kwenye kerneli rasmi toleo la 3.11, mwaka 2013, miaka kadhaa kabla CX II haijatoka. Maunzi yake ni mengine. Kerneli ya CX haitakufaa hata ukiipakia mara mia.

*Binamu ameniletea TI-84 Plus kutoka Marekani. Nianzie wapi kutia Linux? (Gongoni)*

Hapo hapana, ndugu. Prosesa yake ni aina ya Z80 ya biti 8, na RAM unayopata kutumia ni kilobaiti 24. Kerneli haitoshi hata kuingia mlangoni. Lakini jifunze asembli ya Z80, lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja, juu yake. Ni shule nzuri mno, na mashine yako inaiweza.

*Mwalimu, niko kidato cha nne. Nikirudisha kikokotoo changu kwenye mfumo wa kawaida nitaruhusiwa nacho kwenye KCSE? (Barani, Malindi)*

La, mwanangu. Karatasi ya hisabati yenyewe inasema vikokotoo visivyopangika, yaani visivyoweza kuwekewa programu, visivyotoa sauti. Nspire inapangika hata bila Linux. Nenda na Casio fx-82MS au ya aina hiyo, na anza kuizoea sasa, maana vidole vilivyozoea Nspire hupotea kwenye vitufe vya Casio. Nspire ibaki nyumbani mpaka karatasi ya mwisho, kisha niandikie tuendelee na Linux.