Tone moja la lehemu lilirudisha mzigo wangu wote

Jumatatu kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata mteja Ulaya wa taa zangu za sola, anataka karatasi za RoHS. Nianzie wapi?" RoHS ni sheria ya Umoja wa Ulaya inayowekea kikomo sumu kama madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme. Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Yaliyonipata bado yananiuma.

Nilipeleka Ujerumani kontrola za sola 200, vile vifaa vinavyoongoza chaji ya betri. Vyeti vya kila kipuri nilikuwa navyo, nimevipanga kwenye faili hadi najivunia. Mteja akapima sampuli kwa mashine ya eksirei, kisha akanitumia picha moja: kiungo cha waya wa betri, kidogo kama punje ya mchele, kimezungushiwa duara jekundu. Kina risasi. Mzigo ukarudi wote, nauli juu yangu.

Bodi zilikuwa safi. Waya ule uling'oka wakati wa kufunga, fundi wangu akaurudishia kwa lehemu ya zamani, ile yenye bati 63 na risasi 37 kwa mia. Nilimfokea mbele ya wenzake, na hilo najutia hadi leo, maana lehemu ile niliiacha mezani mimi.

Wengi tunadhani kikomo cha asilimia 0.1 ya risasi hupimwa kwa kifaa kizima, kwa hiyo katone kamoja katamezwa na plastiki na aluminiamu. Sivyo. Hupimwa katika kila kitu ambacho huwezi kukitenganisha zaidi kwa bisibisi, msumeno au tupa: lehemu peke yake, ganda la waya peke yake, rangi peke yake. Kikomo cha kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ni asilimia 0.01 tu. Na lile ganda laini la waya, la plastiki ya PVC, lipimishe pia, kwa sababu tangu Julai 2019 vilainishi vinne vya plastiki vimeingizwa kwenye orodha ya vitu vyenye kikomo.

Basi mdogo wangu, nisikilize. Lehemu ya risasi itoe karakanani kabisa. Kuifungia kabatini hakutoshi. Nunua ya bati, fedha na shaba. Hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, wakati ile ya zamani ni 183, hivyo ncha ya pasi ya kulehemu italika upesi. Kiungo chake haking'ai. Usikichome tena ukidhani hakijashika. Ncha iliyokwisha kugusa risasi usiitumie kwenye lehemu hii mpya. Cheti kisichotaja namba ya kipuri ulichonunua kirudishe, na hata kikitaja, pimisha kimoja mwenyewe. Nyaraka zitunze miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni.

Na usifanye haya kwa ajili ya Mjerumani peke yake. Risasi hubaki vidoleni, fundi akaila na chapati yake ya saa nne, nyingine akaipeleka nyumbani kwa mtoto. Weka sabuni na maji mlangoni leo hii.

Fundi yule bado niko naye. Ukija kwetu, yeye ndiye atakayekagua begi lako la vifaa kabla hujagusa meza.