Mita ikilia, usishangilie: kwa kijana anayeanza kupima taa za LED

Kipanya, ile daladala ndogo, kilikuja gereji, taa ya nyuma kushoto inawaka kwa kujivuta dereva akikanyaga breki. Ilikuwa taa ya LED, imefungwa badala ya ile ya balbu. Nilikuwa na miezi sita kwenye kazi na mita yangu mpya mfukoni, najiona fundi. Nikagusisha ncha nyekundu kwenye waya wa moto, nyeusi kwenye chuma safi cha chesisi: volti 12.4. Moto upo. Nikageuza mita kwenye alama ya mlio, inayolia njia ya umeme ikiwepo, nikagusa waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme betri, na chesisi: piii. Ethi ipo. Basi taa imekufa, nikamwambia dereva, akaenda kununua nyingine. Tukafunga. Ikawaka kwa kujivuta vilevile, na sasa dereva haangalii taa tena, ananiangalia mimi.

Fundi aliyekuwa ananifundisha hakufoka. Alileta waya mrefu, akaunga upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye ncha nyeusi ya mita yangu. "Nyekundu gusa waya wa ethi wa taa, palepale inapoingia. Dereva, kanyaga breki." Mita ikaandika 4.1. Nikadhani mita ni mbovu.

"Dogo, hapo ungetakiwa usome ngapi?"

"Sifuri, fundi."

"Sasa hizo volti nne zinatafuta nini hapo?"

Ukilielewa jibu la swali hilo, umeshika sehemu kubwa ya kazi hii. Umeme ukishapita kwenye taa lazima urudi betri. Skrubu ya ethi ilikuwa imekaa juu ya rangi na kutu, na kutu ile ilikuwa inapitisha umeme, ila kwa shida. Taa ilivuta kama robo ampea, kutu ikala volti 4 njiani, taa ikabakiwa na 8. Gawanya 4.1 kwa 0.25 utapata ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, wa kama omu 16. Mita nyingi za bei rahisi hulia hata ukinzani ukiwa omu 30, kwa hiyo ile piii haikuwa uongo. Mimi ndiye sikujua inasema nini. Tulifungua skrubu, tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi kidogo, tukafunga. Ikasoma 0.04. Taa ya pili nililipa mimi.

Tangu siku hiyo nafundisha kitu kimoja kabla ya vingine vyote: pima taa ikiwa imewashwa, pande zote mbili, moto na ethi. Waya usiovutwa umeme karibu wote huonekana mzima. Waya uliokatika ukabaki unyuzi mmoja utakuonyesha 12.4 bila aibu, kwa sababu mita ya dijitali haivuti karibu chochote. Ukiupa mzigo, yaani kitu kinachovuta umeme, ndipo unaanguka.

Na hapo ndipo LED inapowapoteza vijana. Balbu ya breki ya kawaida ni wati 21, inavuta ampea 1.75 kwenye volti 12. Ni mlafi, na waya mbovu haumshibishi, utamwona tu anafifia. LED inatosheka na kidogo. Itawaka kwenye waya ambao balbu isingewaka, mteja ataondoka anafurahi, atarudi wiki ya tatu. Ndiyo maana balbu ya wati 21 sitoi kwenye sanduku langu. Nimeilehemu waya mbili zenye vibanio, na nikishuku waya wa taa naichomeka pale LED ilipokuwa. Ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima. Lakini iwe kwenye nyaya za taa za gari la kawaida tu. Usiiguse kwenye nyaya zenye kava la njano, hizo ni za eabegi, mfuko wa hewa unaofutuka gari likigonga, wala kwenye nyaya zinazotoka kwenye kompyuta ya gari. Mzigo wa karibu ampea mbili unaweza kuiunguza.

Kwa mazoezi nyumbani usianze na betri. Betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, waya unayeyuka mkononi kabla hujajua kosa ni lipi. Tafuta adapta ya king'amuzi kilichokufa. Soma nyuma yake, iwe imeandikwa volti 12 DC, ampea 1 au 2. Ukiipiga shoti kwa bahati mbaya, nyingi hujizima tu. Siku utakayolazimika kutumia betri, weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa moto, karibu na betri yenyewe.

Ukishapata adapta, jua kwamba LED ni mlango unaofunguka upande mmoja. Ukigeuza moto na ethi haiwaki, na si lazima iwe imeungua. Zile ndogo za kuchomeka, za namba na za parking, mara nyingi dawa ni kuichomoa, kuigeuza na kuirudisha. Nimeona watu wametupa jozi nzima kwa ajili ya hilo. Ila LED moja tupu, isiyo na rezista (kipande cha kupunguza umeme), usiipe volti 12 upande wowote. Nyekundu inataka kama volti 2, nyeupe kama 3.

Mita nyingi zina alama ya dayodi, na LED moja nyekundu ukiigusa hapo itawaka kidogo. Taa nzima haitawaka, na mita itaandika OL, yaani kipimo kimepita uwezo wake. Wengi wanasoma OL wanatupa taa. Ndani ya taa za volti 12, LED mara nyingi hupangwa tatutatu kwa mstari mmoja pamoja na rezista yao. Tatu nyeupe zinahitaji kama volti 9.6, na mita yako inatoa mbili au tatu tu. Kwa hiyo taa nzima ipime kwa adapta, mita iache kwa LED mojamoja.

Mpangilio huo pia unakueleza ugonjwa. LED tatu zilizofuatana zikizima kwa pamoja na nyingine zinawaka, aliyekufa huenda ni mmoja, amekata njia ya wenzake. Zikizima zote, rudi kwenye waya. Taa za lori ni hadithi nyingine kidogo, kule ni volti 24, na ukifunga taa ya 12 itang'aa vizuri sana kwa muda mfupi sana.

Rezista ipigie hesabu ya injini inayozunguka, maana betri iliyotulia ni 12.6 lakini chaji inapanda mpaka 14.4. Toa 9.6 unabaki na 4.8. Unataka miliampea 20? Gawanya 4.8 kwa 0.02, ni omu 240. Aliyepiga hesabu kwa 12 kamili ataona taa zake zinaungua barabarani wakati mezani zilikuwa salama.

Indiketa zikianza kukimbia baada ya kuweka LED, hakuna kilichoharibika. Flasha, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, ya zamani ilizoea mzigo wa balbu. Ikiona mzigo umepungua inadhani balbu imeungua, inaongeza kasi ili dereva ajue. Wengine wanafunga rezista ya omu 6 ili kuidanganya. Rezista hiyo ikiwaka inatoa zaidi ya wati 30 za joto, na niliwahi kuifunga juu ya plastiki, sitaki kusimulia zaidi. Badilisha flasha, weka ya LED. Kabla ya kuichomeka soma herufi za miguu yake: B ni moto wa betri, L inakwenda kwenye taa, E ni ethi. Mpangilio wake haufanani kwa kila flasha.

Kosa moja ambalo kila mtu hulifanya mara moja: umepima ampea, umesahau ncha nyekundu kwenye tundu la 10A, kisha unagusa betri kupima volti. Hapo umepiga shoti kupitia mita. Ukimaliza kupima ampea, rudisha ncha kabla hujaongea na mtu.

Ile taa ya kwanza ya kipanya, niliyosema imekufa, bado ninayo. Inaning'inia juu ya meza, na ndiyo ninayoitumia kujua kama adapta mpya ni nzima.