Wasomaji Wanauliza: Fedha Zimeondokaje na Simu Nilikuwa Nayo Mkononi?

Barua zinazohusu utapeli wa simu na mtandao zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu ya toleo hili tumeiachia suala hilo peke yake. Nimezifupisha na kuondoa majina ya waandishi, kwa kuwa wengi wao hawajawaambia hata watu wa nyumbani kwao. Ukiacha chache, zote zinafanana kwa jambo moja: hakuna aliyevunja mtambo wowote, na namba ya siri ilibonyezwa na mwenye fedha mwenyewe. Ndiyo sababu majibu yangu yatazungumzia zaidi maneno wanayoyatumia matapeli kuliko mitambo.

Mwanangu anasoma bweni mkoani Iringa. Siku moja saa tano asubuhi nilipigiwa na mwanamume aliyesema ni mwalimu wa zamu. Alimtaja mwanangu kwa majina yake yote na kidato chake, akasema ameanguka uwanjani, amekimbizwa hospitali, na matibabu hayawezi kuanza mpaka zilipwe shilingi 180,000. Nyuma yake nilisikia mtoto akilia. Nikatuma. Jioni nilipompata matroni, akaniambia mtoto yuko darasani kwenye prepu. Alilijuaje jina la mwanangu, na je, fedha zangu nitazipata? — Mama wa watoto watatu, Morogoro

Mama, pole sana. Jina la mwanao si siri kama tunavyodhani. Orodha za wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano huwekwa kwenye tovuti ya TAMISEMI, jina kwa jina na shule kwa shule, na kila mtu anaweza kuzisoma. Picha za mahafali tunazipandisha wenyewe huku tukimtaja mtoto na shule yake. Namba yako nayo imo katika kundi la wazazi la WhatsApp, ambalo huenda lina watu zaidi ya mia moja na hakuna anayewafahamu wote.

Saa tano asubuhi haikuchaguliwa kwa bahati. Ni wakati wa vipindi, na mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo tapeli anajua kwamba huwezi kumpigia mtoto ukamsikia mwenyewe. Anachobaki kukizuia ni wewe kumpigia mtu mwingine, na hapo ndipo yanapoingia maneno ambayo naamini uliyasikia: "Mama, usikate simu, daktari yuko hapa mbele yangu." Kinachokushikilia kwenye laini ni kule kuogopa kukata, maana ukikata utapiga shuleni na biashara yake itakuwa imekwisha.

Kuna hatua moja ambayo napenda kila msomaji aitazame kwa makini. Unapotuma fedha kwa *150*00# au kwa menyu ya mtandao mwingine, kabla ya kuingiza namba ya siri unaonyeshwa jina la anayepokea. Jina hilo limewekwa hapo ili likustue likiwa geni. Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi, na ndiyo maana hukutayarisha mapema: "Jina litakuja la dada mmoja, ni mhasibu wa hospitali." Basi jina geni linapotokea, badala ya kukutia shaka linakuthibitishia kwamba mwalimu alisema kweli. Vivyo hivyo kwa ule ujumbe wa miaka yote wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaompata kila mwezi mpangaji ambaye kweli anadaiwa kodi. Mtu yeyote anayekueleza mapema jina litakalotokea, na jina hilo si lake wala si la taasisi anayoisemea, amekupa sababu tosha ya kuahirisha muamala.

Andika kwenye karatasi, si ndani ya simu tu, namba ya mkuu wa shule, ya matroni na ya mzazi mmoja mwenye mtoto katika shule hiyo. Ukipigiwa tena, kata simu hata kama sauti ya upande wa pili inalia, kisha piga mojawapo ya namba hizo. Mwalimu wa kweli hatakasirika kwa sababu umehakikisha.

Kuhusu fedha, nitakueleza bila kukupamba. Zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyezipokea, mtandao wako unaweza kuzizuia ukipiga huduma kwa wateja, namba 100, mara moja na kutaja namba ya muamala. Zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu, na matapeli hawakawii kuzitoa. Hata hivyo usinyamaze. Nenda kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wa muamala na namba iliyokupigia, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, kwa kuwa udanganyifu wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na bila RB hakuna upelelezi utakaoanza. Aidha, iwasilishe namba ya tapeli kwa 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeitenga kwa taarifa za utapeli. Usifute chochote kwa hasira.

Je, ni kweli kwamba ukipokea tu simu ya namba fulani fedha zote zinahama? Ujumbe huo umesambazwa mpaka kanisani kwetu. — Msomaji, Mbeya

Si kweli. Kupokea simu peke yake hakuhamishi fedha. Zinazohamisha ni namba ya siri, namba za uthibitisho na maelekezo unayokubali kuyafuata baada ya kupokea. Ujumbe huo nauona una madhara yake, kwa sababu unawafanya watu waogope mlio wa simu na kusahau kuogopa maneno yanayofuata.

Nina duka la vifaa vya umeme. Niliingiwa na ujumbe wa "umepokea Tsh 95,000", kisha mtu akapiga akisema amekosea namba, fedha ni za mgonjwa, nimrudishie. Nilimwonea huruma nikamrudishia. Kumbe salio langu halikuwa limeongezeka hata shilingi. — Mfanyabiashara, Mwanza

Kaka, ujumbe wa kweli wa kupokea fedha hutoka kwa jina la huduma, na ule wako, ukiutazama tena, utaona kwamba ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Siku ya biashara nyingi, mteja akiwa amesimama mbele yako, ni rahisi kusoma kiasi na kuruka aliyekiandika. Kwa hiyo usiusadiki ujumbe wowote kabla hujaangalia salio kwa kupiga menyu mwenyewe.

Lakini shika pia upande wa pili wa ujanja huu, ambao watu wengi hawaufahamu. Yawezekana fedha zikawa zimeingia kweli, nawe ukazirudisha kwa mkono wako, pengine kwenye namba tofauti na iliyotuma, kisha mtumaji akaenda kwa mtandao wake kudai muamala wa kwanza ubatilishwe kwa madai ya kukosea. Hapo utakuwa umelipa mara mbili. Jibu la kumpa aliyekosea kutuma, awe mkweli au mwongo, ni moja: apige huduma kwa wateja wake, nawe hutazigusa fedha hizo mpaka mtandao uamue. Kwa wasomaji wetu wa Kenya wanaotumia M-Pesa ya Safaricom, ujumbe wa muamala uliokosewa hupelekwa kwa 456, na ule wa kitapeli hupelekwa kwa 333.

Ijumaa jioni simu yangu ilipoteza mtandao ghafla. Nilidhani ni minara, nikalala. Jumamosi niliporudishiwa laini nikakuta fedha za benki zimehamishwa. Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole. Mtu mwingine aliipataje? — Mwalimu mstaafu, Tanga

Shikamoo, Mwalimu. Kilichokupata ni kuhamishiwa laini: namba yako iliwekwa kwenye kadi nyingine, ya kwako ikafa, na kuanzia hapo kila ujumbe wa uthibitisho uliotumwa na benki ukawa unasomwa na mwizi. Ijumaa jioni huchaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa matawi ya benki yanafungwa na mwenye laini anavumilia mpaka kesho.

Usajili wa alama za vidole, ambao ulikamilishwa kwa kuzifunga laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, umepunguza wizi huu lakini haukuumaliza, na udhaifu wake uko kwa binadamu anayeshika kile kifaa cha kusomea vidole. Pengine unakumbuka ulivyosajili: umesimama chini ya mwavuli kando ya barabara, kijana anakwambia, "Mzee, kidole hakijasoma, weka tena." Unaweka. Mara ya tatu unabadilisha kidole. Kila mguso huo waweza kuwa umeidhinisha jambo ambalo hukuliomba, mathalani laini ya pili kwa jina lako, ambayo kesho itatumika kumtapeli mtu mwingine na jina litakalomtokea likawa lako. Piga *106#, ingiza namba yako ya NIDA inapohitajika, na utazame namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua nenda nayo kwenye duka la mtandao husika waifute. Ningependa kila mtu alifanye hilo leo, hata ambaye hajaibiwa.

Simu ikipoteza mtandao ilhali za jirani wa mtandao huohuo zinafanya kazi, usingoje. Azima simu, pigia mtandao wako waifunge laini, kisha pigia benki waifunge akaunti. Namba ya benki iwe imeandikwa mahali pasipotegemea simu hiyo. Na ikiwa kabla ya Ijumaa ile ulipigiwa na "ofisa wa benki" aliyetaka uhakiki taarifa zako, mweleze polisi, maana tapeli huanza na simu hiyo ili apate tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA na, akibahatika, namba ya siri. Ofisa wa benki haihitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote ile.

Binamu yangu wa Unguja aliniandikia WhatsApp kwamba amenitumia tarakimu sita kimakosa, nimrudishie. Nilipozituma, akaunti yangu ikafungwa, na jamaa zangu wote wakaanza kuombwa riyali kwa jina langu. — Msomaji, Muscat

Ndugu yangu, aliyekuandikia hakuwa binamu yako. Naye alikuwa ameibiwa akaunti kabla yako, na baada yako walifuata wale waliokuamini wewe. Ndivyo wizi huu unavyotembea ndani ya ukoo, na kundi la familia lenye watu wa Unguja, Dar es Salaam, Muscat na London huupa njia ya kuvuka bahari kwa siku moja.

Tarakimu zile sita ni ufunguo wa kuisajili namba yako kwenye simu nyingine. Ili kuirejesha, ifungue WhatsApp, andika namba yako, subiri tarakimu mpya zije kwako kwa ujumbe mfupi na uziingize; mwizi atatolewa papo hapo. Ikiwa ameweka namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, utalazimika kusubiri siku 7 ndipo uingie bila namba hiyo, lakini naye hatakuwa ndani tena. Ukisharudi, weka uthibitisho wa hatua mbili wako mwenyewe pamoja na barua pepe, kisha kagua vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovijua.

Wapo pia wanaokupigia na kukuomba ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya reli (#). Amri hiyo huelekeza simu zako zote kwa namba hiyo, na kwa kuwa tarakimu za WhatsApp zinaweza kusomwa kwa simu ya sauti, huzipokea tapeli. Kufuta maelekezo ya namna hiyo, piga ##002#.

Wakati akaunti iko mikononi mwa mwizi, wapigie jamaa kwa simu ya kawaida, ukianza na wazee, kwa sababu wao ndio wanaotuma bila kuuliza.

Nilikopa shilingi 50,000 kwenye programu ya simu. Nilichelewa siku mbili, wakawatumia watu wote waliomo kwenye simu yangu, hadi mkwe wangu, kwamba mimi ni tapeli na wao ndio wadhamini wangu. Sikuwaandika popote. — Msomaji, Dodoma

Dada, uliwaandika bila kujua, pale programu ilipoomba ruhusa ya kuona majina ya kwenye simu nawe ukabonyeza kukubali ili mkopo uharakishwe. Hii ndiyo kausha damu, mikopo ya kunyonya wakopaji, kwa sura ya kisasa. Deni ulilokopa ni lako na unapaswa kulilipa, lakini kukudhalilisha kwa watu wasiohusika hakumo katika haki za mkopeshaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa njia ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkwe wako naye anaweza kulalamika kwa haki yake, kwa sababu namba yake imetumika bila ridhaa yake.

Chunguza pia kama mkopeshaji huyo ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na nyingine hubadilisha jina na kurudi sokoni. Piga picha za skrini za jumbe zote pamoja na namba zilizozituma, andika barua kwa Benki Kuu na kwa Tume, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uiondolee programu ruhusa ya majina, picha na jumbe kabla ya kuifuta. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayatarudi kwa hatua hiyo, kwa hiyo waandikie mapema watu wako, wasije wakalipa deni lako kwa namba ya mtu wasiyemfahamu.